Klorini ya maji inaisha nguvu ndani ya dumu: nitunze vipi kwenye stoo ya bati?

MsafiNjiro (Arusha)
Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kwa wanaozijua kemikali za usafi. Tunanunua klorini ya maji ya asilimia 10 kwenye madumu ya lita 20, madumu sita kwa mpigo, ya kutosha miezi mitatu. Stoo ni ya tofali, juu bati tupu bila dari, dirisha linapigwa na jua la jioni. Kutoka kwenye dumu tunamimina kwenye chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, kila mhudumu anapewa yake. Dumu la kwanza na la pili kazi inaonekana. Kufika la tano mashuka hayatakati, ingawa harufu ni ile ile. Inakaa muda gani kabla ya kuchoka, na nitajuaje? Halafu stoo hiyo hiyo ina ndoo ya klorini ya unga ya bwawa na dawa ya choo. Kuna tatizo?

KemiaNaUsafi
Mkuu, anza na joto, maana hilo bati ndilo linalokula dawa yako. Ya asilimia 10 ikikaa kwenye nyuzi 25 hupungua hadi nusu kwa kama miezi saba. Kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka mara tatu hadi nne. Kwa hiyo ikikaa nyuzi 35 muda wote, nusu imeondoka ndani ya miezi miwili hivi. Januari na Februari chini ya bati lisilo na dari mchana unafika huko na kupita. Usiku kunapoa, kwa hiyo hali yako iko katikati, lakini miezi mitatu bado ni mingi. Na kumbuka saa haikuanza kuhesabu siku mzigo ulipofika kwako. Dumu lililopanda na lori la wazi kutoka Dar, likapita Korogwe na Same juani, limeshapoteza kitu njiani. Muulize muuzaji tarehe ya kutengenezwa, iandike kwa maka pen ubavuni mwa dumu, na la zamani litoke kwanza. Nunua madumu mawili kila mwezi badala ya sita kwa mpigo.

Harufu isikudanganye. Dawa inapoharibika kwa joto hugeuka kuwa chumvi ya kawaida na kloreti, ambazo hazing'arishi nguo wala haziui vijidudu, na klorini kidogo iliyobaki inatosha kabisa kunukia.

Adui wa pili ni mwanga. Chupa angavu ziache leo. Tumia vyombo vya plastiki nzito visivyopitisha mwanga. Na kwa usalama, chupa ya maji ya kunywa haifai hata siku moja: mtoto au mgeni akiikuta mezani ataipeleka mdomoni. Kila chombo kiwe na lebo ya jina la dawa, asilimia na tarehe.

Adui wa tatu ni chuma, shaba na nikeli. Koki ya shaba, kata ya bati, au msumari uliochomekwa kuziba tundu: punje za kutu zikiingia ndani dawa inaachia oksijeni mfululizo. Ukiona dumu limevimba, hiyo ndiyo sababu mojawapo. Koki na mrija viwe vya plastiki.

Pa kuweka: pigeni dari, hata ya ubao mwembamba, zibeni lile dirisha la jioni, acheni matundu ya hewa juu na chini ya ukuta wa upande wenye kivuli. Madumu yakae juu ya chaga za mbao au plastiki, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Yasimame wima, kwenye kifuniko kile cha kiwandani chenye tundu dogo la kupumulia. Ukibadilisha ukaweka kizibo kisichopumua, gesi itajikusanya.

StooMoshi
Mimi nijibu la unga na dawa ya choo, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri kesho. Dawa nyingi za choo zina asidi. Asidi ikikutana na klorini inatoka gesi ya klorini, ile inayobana kifua, na stoo ndogo isiyo na hewa inajaa kwa dakika chache. Hamisha dawa ya choo iende chumba kingine. Vitu vyenye amonia navyo vikae mbali.

Klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 inatunza nguvu vizuri kuliko ya maji, ila inataka ukavu. Masika unyevu ukiingia inashikana mabonge na kuanza kuoza. Iwe kwenye ndoo yake yenye mfuniko unaobana, rafu ya juu kuliko madumu, ili dumu likivuja lisidondokee unga. Isikae na mafuta, dizeli ya jenereta, rangi wala matambara yenye grisi: inaweza kuwaka yenyewe. Na kama bwawa lenu linatumia pia vile vidonge vikubwa vya klorini, kijiko cha unga kisiguse kopo la vidonge. Aina hizo mbili zikichanganyika zinaweza kulipuka. Wakati wa kuyeyusha, unga unaingia kwenye maji. Maji yasimwagwe juu ya unga.

MsafiNjiro
Asanteni sana, dawa ya choo imeshahama. Nimesoma sehemu kwamba ukizimua klorini inadumu zaidi, na sehemu nyingine kwamba ile ya asilimia 0.5 imwagwe kila baada ya saa 24. Mbona yanapingana?

KemiaNaUsafi
Yote mawili ni kweli, mkuu, kila moja mahali pake. Kali huoza haraka kuliko hafifu. Ya asilimia 10 ukiizimua ikawa 5 siku inapofika, lita kwa lita, muda wa kufika nusu unazidi mara mbili, mara nyingi mara tatu. Hiyo ni njia nzuri kwako, lakini maji yawe safi. Floraidi ya maji yetu huku chini ya Meru, inayochafua meno, haili klorini. Kinachokula ni chuma na tope: maji ya kisima yanayoacha doa la kutu kwenye sinki usiyatumie.

Ndoo ya kazi ni habari nyingine. Ile ya 0.5 iko wazi, inachovywa dekio na matambara, uchafu unakula klorini iliyomo, na magadi makali (soda kali) yaliyokuwa yakiilinda dumuni yamepungua. Ndiyo maana inatengenezwa asubuhi na kumwagwa siku hiyo hiyo, na ikichafuka mapema inamwagwa mapema.

Hesabu: gawanya nguvu uliyonayo kwa unayoitaka, toa moja, unapata sehemu za maji. Ya 10 kwenda 0.5 ni sehemu 19 za maji, yaani nusu lita ndani ya ndoo ya lita 10. Ikiwa imeshuka hadi 6, ni sehemu 11, yaani mililita 830 hivi kwa ndoo ile ile. Ukiendelea kumimina nusu lita, unapiga deki kwa 0.3.

MaabaraKaloleni
Ili ujue kama ni 10 au 6, tumia stripu za bwawa (vikaratasi vya kupimia klorini) zinazosoma hadi 10 ppm, yaani miligramu 10 kwa lita. Vaa glavu. Kwa bomba la sindano vuta mililita 10 za dawa, tia kwenye lita moja ya maji ya chupa (ya bomba yana klorini yake, yatakuharibia kipimo). Koroga. Suuza bomba, vuta mililita 10 za mchanganyiko huo, tia kwenye lita nyingine ya maji ya chupa. Sasa umezimua mara elfu kumi, na namba utakayosoma kwenye stripu ni takriban asilimia ya dumu: 10 ni 10, 6 ni 6. Usichovye stripu kwenye dawa kali moja kwa moja, rangi yake itafutika na utadhani hakuna klorini kabisa. Pima dumu linapofika na siku unapolifungua, andika namba zote mbili chini ya tarehe.