Kilengeo cha nyuma kwenye rivolva ya stenlesi, kiwe cheusi au cheupe?

Mwaloni_Dagaa:
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, Kirumba, nafanya biashara ya sangara na dagaa, nina bastola ya kujilinda yenye kibali, Smith & Wesson 686 ya mtutu wa inchi 4, ile rivolva ya stenlesi. Mwili wote mweupe ila kilengeo cha nyuma, kile chenye mwanya unaochungulia ukilenga, ni cheusi. Sasa mvua zilivyokolea nikakuta karibu na ile skrubu ya pembeni pameota kutu, vidoti vya rangi ya udongo vidogo kama punje za ulezi, nikafuta na mafuta vikatoka ila pamebaki pamechubuka. Duka moja likaniambia weka cha stenlesi cheupe, kitafanana na bastola na habari ya kutu utaisahau. Kwa macho nakipenda kweli. Ila bei sio mchezo, kabla sijatoa hela naomba waliotumia waniambie.

Nyegezi77:
Kaka usiweke cheupe, nakusihi. Mi nilikuwa nacho. Siku ya kulenga shabaha asubuhi jua liko mgongoni, nikainua bastola nikaona kitu kinawaka tu, ule mwanya wa katikati sijui unaanzia wapi unaishia wapi, kilengeo cha mbele nacho kimepotelea humo humo. Kikipita kiwingu naona vizuri, jua likitoka tena risasi zinahama. Nilidhani macho yangu yamechoka kumbe ni ile rangi.

FundiMaboti:
Naongezea kwa upande wa chuma maana ndo kazi yangu, silaha sio fani yangu. Kilengeo chako cheusi ni chuma cha kawaida kilichopigwa weusi kwa dawa, na ule weusi ni utando mwembamba sana, kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Ukikauka mafuta basi kutu inaingia, hata ungekuwa mpya. Na stenlesi nayo inaota kutu jamani, watu wanadhani haioti! Ina kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5 ndo maana inachelewa, lakini jasho lina chumvi na chumvi ndo adui yake. Bahati yetu ziwa hili ni maji baridi, ndugu zetu wa Dar na Tanga wana shida kuliko sisi. Swali langu, unailaza wapi usiku?

Mwaloni_Dagaa:
Kwenye mfuko wake wa ngozi, naifungia kabatini humo humo na mfuko.

FundiMaboti:
Basi mwizi umempata. Ngozi inanyonya jasho la kiunoni mchana kutwa alafu usiku inaibana bastola na ule unyevu. Itoe kwenye mfuko, ifute, tone moja la mafuta kwenye kilengeo, ndo uifungie.

Babu_Nansio:
Vijana, nimewasoma. Sisi wa zamani tulifundishwa kupaka masizi kwenye vilengeo vikianza kung'aa. Unaweka kifuniko cha kopo juu ya kibatari, masizi yakijaa unachovya kidole unapaka kwenye kilengeo, kinakuwa cheusi tii. Kumbukeni hata Model 60, rivolva ya kwanza ya stenlesi ya hao hao Smith & Wesson mwaka 1965, kilengeo cha nyuma ni mfereji uliochongwa kwenye mwili wenyewe, kwa hiyo cheupe, na juani kinasumbua. Mjukuu, kinachohitaji weusi ni ule uso unaokutazama wewe mlengaji, sehemu nyingine iwe rangi yoyote. Kabla hujalipa fanya hivi: hakikisha bastola ni tupu, fungua silinda uhesabu matundu kwa kidole, kisha bandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye uso huo, uiache wazi ile nafasi ya katikati, simama uani uelekee ukutani, jua likiwa nyuma yako.

Mwaloni_Dagaa:
Shikamoo babu. Nimefanya leo saa nne asubuhi, nikarudia saa kumi jioni. Saa nne sikuona kitu, mwanga mtupu. Jioni jua limeinamia upande mmoja, ukingo wa kushoto ukawa unawaka wa kulia umefifia, nikajikuta navuta bastola upande bila kujijua. Nilivyobandua karatasi, cha mbele kikasimama katikati, mwanga sawa huku na huku. Yaani ile hela ningeimwaga.

Babu_Nansio:
Marahaba mjukuu. Hapo palipochubuka usipake rangi ya dukani wewe mwenyewe. Peleka kwa fundi silaha mwenye leseni akipige weusi upya, na utembee na kibali chako.

Nyegezi77:
Na mwambie aache weusi uliofifia, usiong'aa. Changu walikipiga weusi wa kung'aa kama kiatu cha harusi, bado kinanisumbua saa za mchana.

Mwaloni_Dagaa:
Nimeandika hiyo. Jumatatu nakipeleka, na ule mfuko wa ngozi nimeshautundika nje ukauke.