Bloomquist au Moyer: nani mkali zaidi kwenye udongo?

KonaKushoto: Wakuu salaam. Niko Ohio mwaka wa tatu, na jamaa wa kazini wamenizoesha Eldora, ule uwanja wa mbio za magari wa udongo, nusu maili, pale Rossburg. Kila tukienda, ubishi ni ule ule, dereva yupi mkali: Scott Bloomquist wa Tennessee au Billy Moyer wa Arkansas? Leteni hoja, mahaba wekeni pembeni.

FundiKabureta: Kombe la heshima pale ni World 100, linagombewa tangu 1971, mizunguko 100. Moyer kalibeba mara 6, Bloomquist mara 4. Hesabu imekwisha, mkuu.

BintiPistoni: Haijakwisha, kaka. Dream, ile mbio nyingine kubwa ya hapo hapo Eldora, umeiacha wapi? Ilianza 1994, na mshindi wa kwanza aliondoka na dola 100,000. Bloomquist kaichukua mara 8, ya mwisho 2018 akiwa na miaka 54. Halafu huyu mtu aliunda chasisi (fremu za magari) zake mwenyewe, akawauzia hadi wapinzani wake.

FundiKabureta: Moyer naye aliingia kwenye chasisi, dada. Na hiyo World 100 ya sita kaipata 2010, ana miaka 52. Uzee siyo wa Bloomquist peke yake.

MzeeWaNakuru: Vijana, mnahesabu makombe, mimi natazama mikono. Jioni udongo una maji, gari linashika, hata dereva wa kawaida anaonekana hodari. Ngoja saa nne usiku. Udongo umekauka, unang'aa kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa, na ile njia iliyokuwa na kasi haipo tena, imehamia juu karibu na ukuta au imeshuka chini kabisa. Hapo gari linakata kona ya kushoto huku magurudumu ya mbele yanatazama kulia, mkia unaserereka kwa makusudi. Ukikanyaga mafuta kidogo tu kupita kiasi, umegeuka. Moyer walimwita Mr. Smooth kwa sababu hakushindana na gari lake, aliliacha lipite. Bloomquist alikuwa mtu wa kuvizia. Unamwona katikati ya kundi, unamsahau, mizunguko ikibaki michache yuko mlangoni kwako. Mimi niliyekulia kwenye vumbi la Safari Rally nampa Moyer, lakini usiku wa udongo mkavu nisingependa kumwona Bloomquist nyuma yangu.

MsomajiTu: Kama ni wakali hivyo, mbona hawakutamba NASCAR, zile mbio kubwa za magari za Marekani?

BintiPistoni: Bloomquist alionja, 2013, malori ya NASCAR (pikapu za mbio) yalipokuja hapo hapo Eldora. Akamaliza wa 25. Watu wakamcheka, lakini lori lile ni zito na halilali kwenye kona kama gari alilozoea. Na fedha udongoni zipo: Donnie Moran alilipwa dola milioni moja Eldora 2001, Jonathan Davenport 1,002,022 mwaka 2022.

MsomajiTu: Dola milioni kwa usiku mmoja? Nafuta swali.

KonaKushoto: Nimewasoma. Bloomquist alifariki Agosti 2024, ndege yake ndogo ilianguka shambani kwa familia yake, umri miaka 60, kwa hiyo namba zake hazitasogea tena. Kwangu zile Dream 8 zinambeba. Fundi, umelainika?

FundiKabureta: Apumzike salama. 6 bado ni kubwa kuliko 4.