Shule ya msingi yenye watoto wa kila aina na ufaulu mzuri hapa Dar es Salaam: mzazi aangalie nini?

Mzazi wa Tabata (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mwanangu wa kwanza anamaliza elimu ya awali mwaka huu, na Januari, Mungu akipenda, ataanza darasa la kwanza. Tunaishi Tabata, mimi nafanya kazi Posta na baba yake yuko Ubungo, kwa hiyo shule yoyote iliyo katika njia hizo tunaifikia, ila sitaki mtoto wa miaka sita awe anasimama barabarani saa kumi na moja alfajiri akisubiri basi la shule huku akisinzia begani kwa dada wa kazi.

Ninatafuta mambo mawili katika shule moja. La kwanza ni kwamba asome vizuri, ajue kusoma, kuandika na kuhesabu mapema na asifike madarasa ya juu akiwa anabahatisha. La pili ni kwamba akae na watoto wa kila aina. Mimi nilisoma shule ya serikali Kariakoo, na dawati letu lilikuwa la watu watatu: binti wa muuza samaki wa Feri, mtoto wa Kihindi ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa, na mimi ambaye baba yangu alikuwa karani. Wakati wa Ramadhani mimi Mkristo nilijificha kula mandazi yangu nyuma ya darasa kwa sababu niliona aibu kutafuna mbele ya mwenzangu aliyefunga, na hakuna mwalimu aliyenifundisha aibu hiyo. Ninatamani mwanangu naye aipate.

Mpaka sasa nimetembelea shule mbili. Moja ni ya binafsi, ya mchepuo wa Kiingereza, ambayo wastani wake katika mtihani wa darasa la saba umezidi alama 270 kati ya 300 kwa miaka kadhaa, ada yake itatubana sana, na watoto niliowaona pale wanatoka katika nyumba zinazofanana. Nyingine ni ya serikali, iko mwendo wa dakika kumi na tano kutoka nyumbani, ina watoto wa kila hali, lakini darasa la kwanza lina watoto zaidi ya 90 na wastani wa shule unaangukia daraja C. Mume wangu anasema namba hazidanganyi. Mimi nauliza: wastani wa shule unatuambia nini hasa? Je, kuna aliyepata shule yenye mambo yote mawili?

Mwalimu mstaafu

Mwanangu, nimefundisha shule za msingi kwa miaka 32, mingi kati ya hiyo hapa Dar es Salaam, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Mumeo ana haki ya kusema namba hazidanganyi, lakini lazima ujue namba hiyo imehesabu watoto gani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila somo alama 50, na ndiyo maana jumla ni 300. Wastani wa shule ni jumla ya alama za waliofanya mtihani ikigawanywa kwa idadi yao. Mtoto ambaye hakufika chumba cha mtihani hayumo katika hesabu hiyo, na hapo ndipo penye jambo. Zipo shule ambazo mtoto anayesuasua hukaririshwa darasa mara moja na mara mbili mpaka mzazi achoke mwenyewe, na zipo nyingine ambazo mzazi huitwa ofisini mtoto akiwa darasa la tano au la sita na kuambiwa kwa upole kwamba amtafutie shule itakayomfaa zaidi. Mwezi Septemba wanaobaki ni wale ambao hata mimi nikiwa nimelala usingizi darasani wangefaulu. Wastani unapanda, bango linabandikwa getini, na wazazi wengine wanapanga foleni ya fomu.

Sasa nikuonyeshe namna ya kuliona hilo bila kumwuliza mtu yeyote. Baraza la Mitihani la Tanzania lina tovuti ambako matokeo ya kila shule yamewekwa wazi, siyo ya darasa la saba tu bali pia ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Chukua shule unayoitaka, tazama watoto wangapi walifanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2021, kisha tazama wangapi walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024, maana ni kundi lile lile baada ya miaka mitatu. Ukikuta walikuwa 60 na wamebaki 57, watu wahamahama mjini, hiyo ni kawaida. Ukikuta walikuwa 60 na wamebaki 38, basi uliza wale 22 walikwenda wapi. Fanya hivyo kwa makundi matatu yanayofuatana, usiridhike na moja. Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na mimi nililifurahia jambo hilo, lakini wazazi wengi bado wanazipanga wenyewe kwa kuangalia wastani peke yake.

Kuhusu watoto wa kila aina, naomba usilione kama jambo la pembeni. Kabla ya uhuru shule zetu ziligawanywa kwa rangi, Wazungu wana zao, Waasia wana zao na Waafrika wana zao, na mfumo huo ulifutwa kuanzia Januari 1962. Leo hakuna sheria inayomtenga mtoto, lakini ada inafanya kazi ile ile kimyakimya. Shule za msingi za serikali zenye mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond kule Upanga, zimekuwa katikati ya pande hizo mbili, na ndiyo maana nafasi zake hugombewa. Kama unaweza kuwahi fomu huko, wahi, lakini pima barabara kutoka Tabata kabla hujafurahi.

Na ile shule ya serikali iliyo jirani usiifute kwa sababu ya daraja C peke yake. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, kwa hiyo darasa la 90 ni mzigo, sitakuficha. Hata hivyo ingia ndani ukaombe kuona madaftari ya hesabu ya darasa la tatu. Usioneshwe daftari la mtoto wa kwanza darasani. Chagua wewe mwenyewe matatu kutoka katikati ya rundo. Tazama kama kosa limewekewa alama ya mkasi na kuachwa hivyo, au kama mtoto amelirudia chini yake na mwalimu amelisahihisha tena. Nimewahi kuingia shule ya ada kubwa nikakuta kurasa nzima za vema nyekundu juu ya majibu yaliyonakiliwa ubaoni, na nimewahi kuingia darasa la watoto 80 nikakuta kila kosa limefanyiwa kazi. Mwalimu wa darasa lile alikuwa akibeba rundo la madaftari kwenye kikapu cha ukili kila Ijumaa, anayarudisha Jumatatu.

Baba wa watatu, Kimara

Shikamoo Mwalimu. Ninaomba nithibitishe kwa yaliyonikuta. Kijana wangu wa pili alianza katika shule moja ya binafsi ambayo sitaitaja, yenye sifa nzuri mno. Darasa la nne alipata wastani wa B, na sisi nyumbani tulichinja kuku. Alipokuwa darasa la sita, baada ya muhula wa kwanza, tuliitwa. Hawakusema anafukuzwa. Walisema kwa ajili ya faida yake mwenyewe ama arudie darasa la tano, ama tumhamishe kabla ya usajili wa mtihani. Mtoto alikuwa amesimama pale pale mlangoni na mkoba wake, akasikia kila neno. Njiani kuelekea Kimara hakuuliza kitu mpaka tulipofika kituo cha mwendokasi, ndipo akaniuliza, "Baba, mimi ni mjinga?" Nilikosa jibu la haraka, na mpaka leo najilaumu kwa kimya kile.

Tulimpeleka shule ya serikali. Amefaulu, yuko sekondari, na Kiingereza chake hakikupotea. Lakini ninataka dada yetu wa Tabata ajue kwamba kama mtoto wake atakuwa wa kwanza darasani siku zote, shule yoyote itampenda. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ada ni hili: mtoto akishuka, mnamfanyia nini? Msikilize mwalimu mkuu anajibu kwa kitendo gani. Akikuambia kuna mwalimu anayekaa na watoto hao siku fulani saa fulani, mwombe akuonyeshe chumba na saa hiyo. Akikuambia kwamba shule yao haina watoto wa namna hiyo, basi utakuwa umeshapata jibu.

Mama wa mtoto mwenye uoni hafifu

Ninaongeza kipengele ambacho hakijaguswa. Binti yangu ana ualbino na haoni ubao akiwa mbali. Shule mbili zilimkataa kwa maneno matamu, moja ikisema haina vifaa, nyingine ikisema wazazi wengine watalalamika. Hivi sasa yuko katika shule ya serikali ambako anakaa dawati la mbele kabisa, na jirani yake wa dawati, mtoto ambaye hana tatizo lolote la macho, humsomea kwa sauti ya chini kile ambacho hakuwahi kukinakili. Mwalimu wao aliniambia kwamba yule msomaji alikuwa akisoma kwa kukwama mwanzoni mwa mwaka, na kazi hiyo ndiyo iliyomnyoosha. Kwa hiyo anayedhani mchanganyiko unawapunguzia wanaoweza, aje aone dawati lile.

Hapa jijini ipo shule ya msingi inayoitwa kabisa Uhuru Mchanganyiko, inayopokea watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu pamoja. Hata kama mtoto wako hatasoma hapo, nenda katazame watoto wakiwa uwanjani wakati wa mapumziko, kisha ukirudi katika shule zako mbili utajua uulize nini. Mojawapo ni hili: je, wana mtoto hata mmoja mwenye ulemavu, na anakaa wapi darasani?

Afisa wa benki, Ubungo

Ninaheshimu yote yaliyosemwa, lakini tusimfiche dada upande wa lugha. Sekondari masomo ni kwa Kiingereza, na nimewaona wadogo zangu waliotoka shule ya Kiswahili wakikaa kidato cha kwanza miezi mingi wakikariri maneno wasiyoyaelewa. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza katika shule hizo, na hiyo ni hatua, ila somo moja haliwi sawa na kufundishwa kila kitu kwa lugha hiyo. Mkichagua shule ya serikali iliyo jirani, tengeni fedha kidogo ya vitabu vya hadithi vya Kiingereza na muda wa kusoma pamoja jioni. Jambo jingine ni kwamba kwa utaratibu huo mpya mtoto wako atamaliza elimu ya msingi darasa la sita, siyo la saba, na kwa mpango uliotangazwa madarasa hayo mawili yatamaliza pamoja mwaka 2027. Mwulize mwalimu mkuu wa kila shule wamejiandaa vipi.

Mzazi wa Tabata (mwuliza swali)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni sana nyote. Baba wa Kimara, nilisoma maneno ya kijana wako mara mbili, na nikamsomea mume wangu.

Jana usiku tulikaa naye na simu mbili, mmoja akifungua matokeo ya darasa la nne na mwingine ya darasa la saba. Ile shule yenye wastani wa zaidi ya 270 ilikuwa na watoto 71 darasa la nne, na miaka mitatu baadaye walifanya mtihani 46. Kundi lililotangulia lilikuwa 68, wakabaki 45. Mume wangu alihesabu tena kwa kidole mstari kwa mstari kwa sababu hakuamini. Shule ya jirani ilikuwa na 142, wakafika 139, na katika hao wapo waliopata A za hesabu. Sisemi kwamba sasa shule ya jirani ni bora kuliko ile, kwa sababu watoto 90 chumba kimoja bado wananinyima usingizi.

Tumekubaliana hivi. Wiki hii nitaomba ruhusa kazini nikafuatilie fomu Upanga, na mume wangu atapanda daladala kutoka nyumbani mpaka huko saa kumi na mbili asubuhi, siku tatu mfululizo, aone inachukua muda gani na kama makondakta wanawapakia wanafunzi au wanawaacha kituoni kwa sababu ya nauli yao ndogo. Ijumaa nimepata miadi na mwalimu wa taaluma wa shule ya jirani, nimemwomba anionyeshe madaftari ya darasa la tatu, naye amekubali bila kusita. Mwalimu, nikiwa pale, mbali na hesabu, nichukue daftari la somo gani jingine?

Mwalimu mstaafu

Marahaba mwanangu. Chukua la Kiswahili, ufungue ukurasa wa insha au wa habari fupi. Kama madaftari matatu yana sentensi zile zile, wamenakili. Kama kila mtoto ameandika habari ya nyumbani kwao, yenye makosa yake mwenyewe na kalamu ya mwalimu juu yake, andika jina la mwalimu huyo, kisha uulize kama mwakani atapewa darasa la kwanza.