Naomba ushauri: bata jike wa kahawia ziwani wananichanganya

Ndugu wapenzi wa ndege, habari zenu. Wakubwa, shikamooni.

Naishi Konstanz, kusini mwa Ujerumani, na Novemba hii naangalia ndege kando ya ziwa Bodensee, hasa pale mto Rhein unapotoka ziwani. Ni msimu mtamu kwelikweli: bata wanateremka kutoka kaskazini kwa makundi makubwa kuzamia kome, na wale bata maji weupe wenye mdomo wa njano na mweusi nao wanafika.

Shida yangu ni majike. Dume wa Aythya fuligula (jina la kisayansi la bata mzamiaji mwenye kishungi) namtambua hata akiwa mbali: mweusi, ubavu mweupe, kishungi kisogoni. Lakini katikati ya kundi kuna jike wa kahawia mwenye weupe kuzunguka shina la mdomo. Hiyo ni dalili ya Aythya marila, bata mwingine wa jamii hiyo hiyo anayefanana naye, ila baadhi ya majike wa fuligula nao huwa nayo! Nimejaribu kulinganisha ukubwa wao, lakini wakizama na kuibuka nampoteza niliyekuwa namfuata. Picha za simu hazisaidii. Ukungu wa ziwa hili mwezi huu hauna mchezo.

Wenye uzoefu, mbali na weupe huo, mnaangalia nini kwanza: umbo la kichwa, au ukubwa wa doa jeusi kwenye ncha ya mdomo? Na je, darubini yangu ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi za mm 42) inatosha kwa umbali huo, au nijikaze ninunue ile ya jicho moja yenye stendi ya miguu mitatu?

Natanguliza shukrani.