Tupeane uzoefu: ulichagua bastola gani ya kujilinda, ya kaliba ipi, na je, kweli unaibeba kila siku hapa Dar es Salaam?

Mleta mada, Tabata

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Baada ya kupita ofisi ya serikali ya mtaa, kata, polisi wa wilaya na kisha mkoa, kwa utaratibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nimeruhusiwa kununua bastola moja ya kujilinda. Nina duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, ninafungua kungali na giza, na jioni ninatoka na mauzo ya siku. Mwaka juzi nilivamiwa nikiwa ninafunga duka, nikapigwa ubapa wa panga mgongoni na fedha zikachukuliwa. Tangu siku hiyo mke wangu halali mpaka asikie geti likifunguliwa.

Juzi nilikwenda kwenye duka la silaha nikashikishwa bastola tatu: ndogo ya kaliba (yaani upana wa risasi) ya milimita 7.65, nyingine ya milimita 9 yenye magazini (kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya risasi 15, na rivolva, ile ya silinda inayozunguka, ya .38 (kipimo cha inchi) yenye matundu matano ya risasi. Muuzaji alizisifia zote kwa maneno yale yale, nikaondoka bila kununua. Ninachoomba ni uzoefu wa mtu aliyeishi na bastola yake kwa miaka, katika joto letu na mavazi yetu: ulichagua nini, kwa sababu gani, na ungebadilisha nini leo kama ungeanza upya. Nitaje pia kwamba mimi ni mashoto. Tafadhali tuzungumzie silaha zenye kibali tu, na mtu asieleze mahali anapohifadhi yake.

Mzee mstaafu, Upanga

Mwanangu, pole kwa yaliyokupata. Mimi ninamiliki Walther PP ya 7.65 tangu mwaka 1987, yenye magazini ya risasi 8. Risasi hiyo ni ya zamani sana. John Browning aliibuni mwaka 1899, na kichwa chake hakifiki gramu 5. Ubaya wake wanaousema vijana ni kwamba ina nguvu kidogo, na ni kweli, kwa maana haifiki hata nusu ya nguvu ya milimita 9 ya kawaida. Uzuri wake ni kwamba haipigi teke, yaani hairudi mkononi kwa nguvu ikifyatuliwa, na mkono wangu wenye baridi yabisi bado unaweza kupeleka risasi tano ndani ya sahani kwa umbali wa mita saba.

Lakini kama ningeanza leo nisingeinunua, na sababu yangu si nguvu. Sababu ni kwamba risasi zake zimekuwa adimu. Mwaka mmoja nilizunguka miezi minne nikitafuta boksi moja, na kwa muda wote huo sikufanya mazoezi hata siku moja kwa kuogopa kumaliza zile chache nilizobakiwa nazo. Bastola ambayo mtu anaogopa kuifyatulia mazoezi humsahaulisha mkono. Kwa hiyo, kabla hujauliza ipi ina nguvu, muulize muuzaji ni risasi gani anazoziagiza kila mara, kisha umwombe akuoneshe maboksi yenyewe kwenye rafu.

Mfanyabiashara wa nguo, Kariakoo

Shikamoo Mzee. Naomba niongeze jambo dogo lililonigharimu. Bastola yangu ni ya milimita 9 fupi, ile inayoandikwa 9x17 na ambayo wengine huiita .380. Siku ya kwanza kununua risasi nilisema tu kwamba ninataka za milimita 9, nikapewa za 9x19 ambazo ni ndefu zaidi, na nikaja kugundua nikiwa uwanja wa shabaha kwamba haziingii. Iko pia ya Makarov, 9x18, ambayo si hii wala si ile. Zote zinaitwa milimita 9 na hakuna inayofaa mahali pa mwenzake. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa mtutu, uyalinganishe na kitako cha ganda la risasi, ndipo ulipe.

Mkandarasi, Mbezi Beach

Ndugu mleta mada, mimi ni mfano wa mtu aliyenunua kwa masikio. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba kaliba ya .45 humwangusha mtu kwa risasi moja, nikanunua bastola ya kaliba hiyo, ya chuma kitupu, ya muundo wa zamani uitwao 1911, yenye uzito wa kilo 1.1 kabla ya risasi, na magazini yake inabeba risasi saba tu. Wiki ya kwanza niliivaa kiunoni chini ya shati la mikono mifupi. Kufika saa nne asubuhi mkanda ulikuwa umeshuka, jasho limelowesha upande wote wa kulia, na kila nilipoinama kuangalia nondo fundi mmoja alikuwa akikitazama kiuno changu. Wiki ya pili niliiacha kwenye gari. Mwezi wa pili ilikuwa inakaa ndani ya sefu na mimi ninapita barabarani mikono mitupu, huku nikijihesabu kuwa mtu mwenye silaha.

Uwanjani nako hali ilikuwa mbaya. Risasi zangu zilikuwa zinakwenda chini kushoto, na mwalimu akanifanyia jambo ambalo ninawashauri wote wajaribu: bila kunionesha, alichanganya risasi za kweli na ganda la mazoezi lisilo na baruti. Lilipofika lile lisilo na baruti, mtutu uliinama wenyewe kama unaoitikia amri. Nilikuwa ninalisubiri teke na kulikwepa kabla halijafika. Hakuna kaliba inayoweza kumfaa mtu wa namna hiyo.

Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba hata wakubwa wamepita njia hii. Mwaka 1986 maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa katika mapambano ya risasi mjini Miami, na shirika lao likaamua kwamba risasi za milimita 9 za wakati ule hazikuzama vya kutosha. Walihamia milimita 10, wakaona teke lake ni kubwa mno kwa maofisa wengi, na mwaka 1990 ikaingia sokoni .40 kama njia ya kati. Ilipofika mwaka 2014 idara yao ya mafunzo iliandika kwamba vichwa vya risasi vya kisasa vimeifanya milimita 9 itende kazi sawa na hizo nyingine, na kwamba maofisa wengi hulenga vizuri zaidi na haraka zaidi wakiwa nayo. Miaka karibu 30 ya majaribio na fedha nyingi, wakarudi walikoanzia.

Sasa ninatumia Glock 19, milimita 9, risasi 15, ambayo ikiwa imejaa ina gramu 850 hivi. Ni mwaka wa sita na ninaivaa kila siku ya kazi. Bado inanisumbua nikiendesha gari safari ndefu, lakini haijawahi kubaki nyumbani kwa sababu ya uzito.

Mwenye duka la dawa, Sinza

Ninawashukuru waliotangulia. Ninaandika kwa ajili ya dada zangu, kwa sababu kila mwanamke anayeingia duka la silaha huambiwa sentensi moja: chukua rivolva ndogo, ni nyepesi na haina mambo mengi. Nami niliambiwa hivyo, nikanunua ya .38 yenye matundu matano, isiyofika nusu kilo.

Kwanza, wepesi ule ndio uliokuwa adhabu. Risasi ni ile ile, lakini chuma cha kumeza teke hakipo, hivyo lote linaishia kwenye kiganja. Baada ya risasi kumi ngozi ya kidole gumba ilikuwa imechubuka. Pili, triga yake ilikuwa nzito kuliko bastola yenyewe. Ilinibidi kuivuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 5 kila mara, na kidole changu kifupi kilikuwa kinauvuta mtutu wote upande. Tatu, niliibeba kwenye mkoba wa mkononi. Nilikuja kutetemeka niliposhuhudia vijana wawili wa bodaboda wakimpokonya mkoba mama mmoja barabarani mchana kweupe. Nikajiuliza: mkoba ule ungekuwa wangu, mimi ndiye ningekuwa nimewapa silaha wale vijana kwa mkono wangu mwenyewe, na kuanzia kesho yake ni nani angekuwa anaipigia magoti?

Nilibadilisha kwa utaratibu, kibali kikarekebishwa, nikachukua Glock 26, milimita 9, risasi 10. Ni nzito zaidi, ni fupi, kidole changu kinafika kwenye triga bila kuhangaika, na ninaivaa mwilini chini ya koti langu jeupe la kazini. Rivolva si silaha mbaya. Risasi ikigoma unavuta triga tena na tundu jingine linakuja, na hakuna magazini ya kuharibika. Lakini ile ndogo nyepesi inamfaa mtu mwenye mazoezi mengi, na ndiye asiyeuziwa. Anayeuziwa ni mgeni.

Mvuvi na mwenye boti, Kigamboni

Mimi nina neno moja, kutu. Chumvi ya baharini na jasho la kiunoni viliila slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma ikifyatuliwa) ya bastola yangu ya kwanza, iliyotiwa ule weusi wa kizamani unaoitwa bluu, kwa msimu mmoja wa kaskazi. Mfuko wa ngozi wa kuivalia kiunoni ulizidisha kwa sababu ngozi hunywa jasho na kulitunza. Siku hizi ninatumia mfuko wa plastiki ngumu, ninapangusa bastola kila usiku kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, na risasi ninazozibeba ninazibadilisha kila mwaka. Zile za zamani ndizo za mazoezi. Mafuta yakizidi huingia kwenye risasi na kuharibu baruti.

Mkufunzi mstaafu wa shabaha, Ukonga

Nimefundisha matumizi ya silaha ndogo kwa miaka mingi jeshini, na baadaye raia wenye vibali. Yaliyosemwa juu ya ukubwa wa bastola ninayaunga mkono. Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye suala ambalo halijaguswa, nalo ni pale risasi inapoishia.

Risasi nyingi tunazopata hapa ni zile ambazo kichwa chote kimefunikwa kwa shaba. Ya milimita 9 ya aina hiyo, ikipimwa kwenye jeli maalumu inayofananishwa na nyama ya mwili, mara nyingi huzama zaidi ya sentimita 60, wakati kipimo wanachokitaka FBI ni kati ya sentimita 30 na 46. Maana yake ni kwamba huweza kumpitia mtu na kuendelea na safari. Iko nyingine yenye tundu kichwani, ambayo hufunguka ikigonga na kupunguza mwendo. Vitani imekatazwa tangu azimio la Hague la mwaka 1899, lakini kwa kujilinda mijini ndiyo inayopendelewa katika nchi nyingi, kwa sababu hupunguza hatari kwa aliyeko nyuma. Ukiipata kwa njia halali, hakikisha kwanza kwamba bastola yako inaila bila kukwama, walau risasi hamsini. Usipoipata, basi jua kwamba nyumba za Buguruni zimebanana, na mlango wa mbao, bati au kioo cha dirisha la jirani havizuii risasi yako. Uhalali wa kibali haukupi ruhusa ya kufyatua kuelekea mahali usipopaona.

Pili, mleta mada amesema anapeleka mauzo. Bila shaka atafika benki na walinzi watamtaka aiache silaha. Nimeona watu wakiichomoa bastola ndani ya gari, wakiishika huku na huku, kidole kikitafuta pa kushika. Mtu mmoja niliyemfundisha alijipiga pajani kwa namna hiyo hiyo. Alikuwa amezoea kuitia mfukoni mwa suruali bila mfuko wake, pamoja na funguo. Alipona, ila anachechemea. Nunua mfuko mgumu unaofunika triga yote na unaoweza kutoka kwenye mkanda ukiwa na bastola ndani yake, ili usiiguse kabisa. Bei ya mfuko huo uipange siku ile ile unayopanga bei ya bastola.

Tatu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kujilinda, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Anayekimbia na fedha zako amekupa mgongo. Hapo bastola hubaki kiunoni, hata kama moyo unawaka.

Mleta mada, Tabata

Ninawashukuru nyote, na Mzee wa Upanga ninampa shikamoo ya pekee. Maelezo ya Mkufunzi yamenigusa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nyuma ya duka langu kuna ukuta wa mabati na ng'ambo yake anaishi mama mwenye watoto watatu. Nilikuwa nimewaza juu ya mwizi tu. Sikuwa nimewaza juu yao. Nimeamua kwamba meza ya kufungia hesabu nitaihamishia upande wa pili, ili nikisimama nyuma yake mbele yangu kuwe na ukuta wa tofali la zege.

Ya 7.65 nimeiondoa kwenye orodha kwa sababu ya risasi, na rivolva kwa sababu aliyoieleza dada wa Sinza. Jumamosi nitarudi dukani nikiwa nimevaa shati na mkanda ninaovaa kazini, nijaribu ile ya risasi 15 na kuuliza kama wanayo fupi ya kaliba hiyo hiyo.

Lililobaki ni la mkono wa kushoto. Je, kuna mashoto mwenzangu humu anayetumia milimita 9? Kitufe cha kutoa magazini unakifikiaje?

Mkandarasi, Mbezi Beach

Mdogo wangu ni mashoto na anatumia Glock ya kizazi cha tano. Kitufe cha magazini kinahamishika kwenda upande wa pili, na kizuizi cha slaidi kipo pande zote mbili. Muombe muuzaji akihamishe ukiwa umesimama pale pale, kisha ubadilishe magazini tupu mara ishirini kabla hujalipa. Na mfuko uagize wa kushoto mapema, kwa sababu yeye aliusubiri wiki saba.