Kuhamia mwambao tulivu nchi nyingine: kipimwe nini kabla ya kuamua?

Kusi_Kaskazi

Wakuu, salaam. Naleta mada hii kwa wenye ujuzi wa mambo ya kuhama nchi, maana ukitafuta huko mtandaoni unakutana na picha za machweo na matangazo ya madalali.

Chukulieni kaya ya watu wawili waliovuka miaka 50. Mmoja anafanya kazi kwa mtandao akiwa ameajiriwa, mwingine anakaribia pensheni, na wana mbwa. Wamechoka na jiji, wanataka mji mdogo wa pwani ng'ambo. Nchi bado hawajaamua, zipo mbili tatu mezani. Waanze kupima nini, na kipi kikigoma safari ifie hapo hapo? Na je, wanunue nyumba moja kwa moja au wapange kwanza?

Nanga

Mkuu, kabla ya yote ulizia kwa nini pale pametulia. Utulivu wa pwani una chanzo chake, na chanzo hicho ndicho kitakachokuonyesha shida zako za mwaka wa pili.

Kuna mji unaoonekana mtulivu kwa sababu umeukuta nje ya msimu. Ikifika miezi ya likizo watu wanafurika, barabara moja inayoingia mjini inaziba, maji yanapungua nguvu bombani, na mwenye nyumba anataka umwachie nyumba yake ili aipangishe kwa wiki. Kuna mji uliotulia kwa sababu vijana wameondoka. Huko shule hufungwa kwanza, kisha tawi la benki, kisha basi la jioni, na daktari akistaafu nafasi yake inakaa wazi. Kuna uliotulia kwa sababu ya kufikika kwa tabu, kivuko kimoja au barabara moja ya kona kona, na bahari ikichafuka hakuna anayeingia wala kutoka. Na kuna pwani ambayo sheria imezuia ujenzi, kwa mfano eneo la hifadhi. Utulivu wa aina hii ndio unaodumu, ila sheria hiyo hiyo itakukatalia hata kuongeza chumba.

Kutambua uko kwenye upi, linganisha sensa mbili za mwisho za mji huo, uangalie watu kwa rika na si jumla peke yake. Tafuta ratiba ya mabasi na vivuko ya miezi mibaya, maana ile ya msimu wa wageni itakudanganya. Soma mpango wa matumizi ya ardhi wa halmashauri: bandari ya boti za starehe au barabara kuu mpya huwa imechorwa humo miaka mingi kabla tingatinga halijafika. Kisha nenda ukakae wiki tatu au zaidi katika mwezi mbaya kuliko yote, iwe wa baridi, wa dhoruba au wa mvua, na uishi siku za kazi kama mkazi: kununua chakula, kufuata dawa, kwenda ofisi ya serikali. Mwenza asiye na kazi ya kumshughulisha ndiye wa kusikilizwa zaidi katika wiki hizo. Yule wa mtandao atakuwa na wenzake kwenye skrini mchana kutwa, huyu hana.

Karani_wa_Viza

Naongeza upande wa makaratasi, kwa sababu ndio unaoua safari mapema.

Haki ya kukaa ni kitu kimoja na haki ya kufanya kazi ni kingine. Viza nyingi za wastaafu au za watu wenye kipato cha kutosha hazimruhusu mwenye nazo kufanya kazi, na baadhi ya nchi zinahesabu kazi ya mtandao kwa mwajiri wa nje kuwa ni kazi. Kwa kaya hii lazima ijulikane nani mwombaji mkuu na nani mtegemezi, na mtegemezi anaruhusiwa nini. Msitegemee kuingia kama watalii na kuzunguka zunguka mipakani. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa mfano, linaruhusu siku 90 ndani ya siku 180 zozote zinazohesabiwa kurudi nyuma. Kutoka wikiendi moja na kurudi hakufuti siku ulizokwisha kutumia.

Barua ya mwajiri itangulie kila kitu. Mfanyakazi akihamia nchi nyingine, mwajiri anaweza kujikuta anadaiwa michango ya hifadhi ya jamii huko, au mamlaka za huko zikasema kampuni sasa ina makao ya biashara nchini mwao. Ndiyo maana idara za rasilimali watu hukataa hata kama meneja wako amekubali kwa mdomo. Bila ruhusa ya maandishi inayotaja nchi yenyewe, usilipie hata ada ya maombi.

Kodi ya mapato: watu wanashika siku 183 za kukaa nchini kwa mwaka kama msahafu. Nchi nyingi zinatumia kipimo hicho, lakini si peke yake, unaweza kuwa mkaazi wa kikodi kwa siku chache zaidi endapo makazi yako makuu yapo pale. Nchi mbili zikikudai zote, mkataba wa kodi kati yao, kama upo, kwa kawaida unafuata mpangilio wa Kifungu cha 4 cha mkataba wa mfano wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri. Huangaliwa nyumba ya kudumu unayoweza kuitumia, kisha kitovu cha maisha yako (familia, mali, shughuli), kisha unakokaa mara nyingi, kisha uraia. Raia wa Marekani hubaki na wajibu wa kutoa hesabu kwao popote wanapoishi.

Kuhusu pensheni, usiishie kuuliza kama italipwa nje. Uliza kama itapanda. Pensheni ya serikali ya Uingereza inaendelea kuongezwa kila mwaka ukiishi nchi za Umoja wa Ulaya, lakini ukihamia Australia au Kanada inaganda kwenye kiwango kile kile. Kwa mtu wa miaka 60 na kitu hilo ni pengo linalopanuka kila mwaka.

Nyaraka zina mpangilio wake. Vyeti vya kuzaliwa na ndoa vinatafutwa kwanza, vikiwa nakala mpya. Unafuata muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa serikali kwamba hati ni halali kutumika nje, iwapo nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961. Kama moja haimo, ni njia ndefu ya wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Tafsiri inakuja baada ya muhuri, kwa sababu muhuri nao hutafsiriwa. Wanaotanguliza tafsiri hulipa mara mbili. Cheti cha polisi kiachwe mwisho kwani nchi nyingi hukikubali kwa miezi 3 hadi 6 tu tangu kitolewe. Na jina liwe lile lile kila mahali: herufi moja ikitofautiana kati ya cheti cha ndoa na pasipoti inatosha kurudisha faili zima.

Mbwa: kipandikizi cha utambulisho (chipu ndogo chini ya ngozi) kinawekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, la sivyo chanjo haihesabiki. Ukiingia Umoja wa Ulaya kutoka nchi isiyo kwenye orodha yao ya nchi zilizoidhinishwa kuhusu kichaa cha mbwa, damu inachukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kinga inayopimwa humo ifike 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita, halafu unasubiri miezi 3 tangu siku ya kuchukuliwa damu. Kwa hiyo mbwa aanze miezi mitano kabla.

Fundi_Mwambao

Nyumba za pwani zinauzwa kwa macho, na macho hayaoni chumvi.

Kwenye nyumba ya zege, tafuta nyufa zinazokwenda sambamba na nondo, hasa chini ya vibaraza na kwenye pembe za nguzo, na madoa ya rangi ya kutu. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege linapasuka kutoka ndani. Kupaka plasta mpya kunaficha tu. Gonga kwa nyundo ndogo, panapolia utupu zege limeshaachia. Ukuta uliopakwa rangi juzi upande mmoja tu, ule unaotazama bahari, uchunguze mara mbili.

Bawaba, skrubu na vishikizo vya nje viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316, chenye molibdeno. Kile cha 304 karibu na mawimbi huanza madoa mapema. Kiyoyozi cha nje na paneli za jua nazo ziulizwe umri, huwa hazifiki umri uliotajwa na kiwanda.

Unyevu: acha kipima unyevu ndani siku kadhaa, madirisha yamefungwa. Kikibaki juu ya asilimia 60 muda mrefu, kuvu itaota nyuma ya makabati na kwenye magodoro. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya likizo mara nyingi hazina kinga ya joto wala njia nzuri ya hewa. Hazikukusudiwa mtu apike, aoge na kufua humo mwaka mzima.

Kisima cha karibu na bahari kipimwe mwishoni mwa kiangazi, si baada ya mvua. Maji baridi (yasiyo na chumvi) yanaelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini yake. Ndiyo maana kushuka kidogo tu kwa maji kisimani kunaalika chumvi kutoka chini. Kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, ikipita miligramu 250 kwa lita, ulimi unaanza kuihisi.

Mafuriko: dalali akikuambia "hii ni ya mara moja kwa miaka 100", maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa miaka 30 unafika takriban asilimia 26. Omba bei ya bima ya mafuriko kwa anwani kamili kabla ya kuweka sahihi. Kampuni zikikataa kukupa bei, umeshapata jibu. Nenda pia siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, ukatazame mfereji wa barabarani kama unamwaga baharini au bahari inarudi kupitia humo.

Muuguzi_Z

Mimi ningeweka hospitali juu ya nyumba. Kwa umri huo chora ramani kwa dakika, achana na kilomita, na iwe kwa saa za usiku wa msimu mbaya. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha inayotolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya ubongo. Kwa hiyo zahanati ya jirani isiyo na CT haikusaidii hapo, ulizia iliko mashine inayofanya kazi usiku. Kwa mshtuko wa moyo, kituo cha kuzibua mishipa kinatakiwa kifikike ndani ya dakika 120 hivi. Zikizidi, uliza kama ambulansi au hospitali ndogo inatoa dawa ya kuyeyusha damu kabla ya kumhamisha mgonjwa.

Andika dawa zote kwa majina yake ya kitabibu, si ya kibiashara, uhakikishe zimesajiliwa nchi hiyo. Dawa za usingizi, za wasiwasi na za maumivu makali ndizo zinazokamatwa mpakani. Bima binafsi ichunguzwe kuhusu maradhi uliyokwenda nayo na umri wa mwisho wa kujiunga. Na lugha isipuuzwe: daktari anaweza kujua Kiingereza, lakini simu ya dharura ikipokelewa na asiyekijua utashindwa kutaja hata mtaa. Hizo sentensi kumi za dharura wajifunze kabla ya kupanda ndege, wote wawili.

Kusi_Kaskazi

Ahsanteni sana, nimeelewa mengi. Ila kuna mgongano. Nanga anashauri kuonja kwanza, wakati viza nyingine zinadai mkataba wa nyumba wa miezi 12 ndipo maombi yapokelewe. Na nyumba ya nyumbani wauze lini?

Karani_wa_Viza

Mgongano upo kweli. Safari ya kuonja ifanyike kwa viza ya matembezi, kisha mkataba wa miezi 12 uwe na kifungu kinachosema viza ikikataliwa mkataba unavunjika na amana inarudi. Wenye nyumba wengi watakubali ukilipa miezi miwili ya mwanzo ambayo hairudishwi. Asiyekubali kabisa, mwache. Kodi ya pango isilipwe kwa mtu ambaye jina lake haliko kwenye daftari la ardhi, au asiye na mamlaka ya maandishi kutoka kwa mwenye jina hilo.

Kununua kusubiri mwaka kamili, kwa sababu mbili. Ya kwanza, pwani ndiko sheria za wageni zinabana zaidi. Mexico hairuhusu mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi ya makazi ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, anapitia mpango wa udhamini ambamo benki inashika hati kwa niaba yake kwa miaka 50 inayoweza kuhuishwa. Thailand mgeni hamiliki ardhi, anapata fleti mradi sehemu ya wageni isizidi asilimia 49 ya jengo. Hispania, Sheria ya Pwani ya 1988 iliwaacha wenye nyumba fulani za ufukweni na haki ya kutumia kwa muda badala ya umiliki. Ya pili ni mirathi. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 17 Agosti 2015, urithi hufuata sheria ya nchi uliyokuwa ukiishi kwa kawaida, isipokuwa umeandika kwenye wosia kwamba unachagua sheria ya uraia wako. Zipo zinazomlazimisha marehemu kuwaachia watoto fungu lao, na mwenza aliyebaki anaweza kujikuta anamiliki nyumba pamoja na watoto wa ndoa ya kwanza. Wosia uandikwe wiki ile ile ya kusaini hati.

Nyumba ya nyumbani wasiiuze mwaka wa kwanza, lakini pia wasiiache tupu. Ikiwa tupu na funguo wanazo, bado ni nyumba ya kudumu wanayoweza kuitumia, na kile kipimo cha kwanza cha mkataba wa kodi kinakuwa na utata. Waipangishe kwa mtu asiye ndugu, mkataba wa mwaka mzima, uanze siku wanayoondoka au kabla yake, na nakala yake waiweke kwenye faili moja na tiketi za ndege.