Kuna mzee msanii hapa Moshi nataka kumrekodi, nianzie wapi?

Kijana wa Majengo:
Wakuu habari za jioni. Juzi nimeangalia dokumentari inayomhusu Jonas Mekas, yule wa Lithuania aliyekuja kuwa mtu mkubwa wa sinema za majaribio kule New York. Vita ilimtoa kwao 1944 yeye na mdogo wake, Wajerumani wakawapeleka kambi ya kazi, baadae kambi za wakimbizi, 1949 ndo wakafika Marekani na muda si mrefu akakopa hela akanunua kamera ya Bolex. Toka nimeiona namuwaza mzee mmoja mtaani kwetu, anaunga mabati chakavu na spoku za baiskeli anatoa maumbo ambayo watu wakipita wanasema kachanganyikiwa, mimi naona ni msanii kabisa na umri umeenda. Nina simu tu. Tatizo akisimulia anaruka, mara kiwanda cha sukari cha TPC alikofanya kazi, mara marehemu mkewe, mara anarudi utotoni. Nimpangie maswali kwa miaka au nimwache?

Mhariri Sakina:
Mwache mkuu. Huyo huyo Mekas alikuwa anarekodi vipande tu, leo theluji kesho harusi ya rafiki, halafu akaunganisha, filamu yake ya Walden ya 1969 inaenda masaa matatu na huchoki. 1971 aliporudi kijijini kwao kamera ilikaa kwa mama yake anapika, basi, na unamuelewa yule mama kuliko angehojiwa. Mrekodi mzee akiwa na koleo mkononi anakunja waya, maneno yatakuja yenyewe.

Mdau wa Machame:
Napingana kidogo. Sam Ntiro, mchoraji, ni wa huku kwetu, mchoro wake uko makumbusho ya MoMA New York, akawa balozi wetu wa kwanza London baada ya uhuru, sasa uliza vijana stendi hapo wangapi wanamjua. Inauma sana. Kwahiyo miaka ni muhimu, ila usimuulize "mwaka gani", muulize ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada, Vita ya Kagera ilikukuta wapi, hapo wazee hawakosei. Na mpe picha zake za zamani ashike.

Mama Pasua:
Mdogo wangu, kwanza kaongee na watoto wake wakubali, baadae isije ikawa ugomvi. Halafu sauti. Tafuta simu ya pili umuwekee mfuko wa shati irekodi sauti tu maana ya kwako ukisimama mbali itachukua bodaboda zote za barabarani, na mvua ikigonga bati acha kabisa, subiri ikatike. Akiingia Kichaga usimrudishe Kiswahili, kuna mambo ya mkewe hatayasema kwa lugha nyingine, maandishi ya chini utaweka mwenyewe, ukikwama niletee nikusaidie kutafsiri.